Sura ya Sita: Jiwe la Mwana wa Nani

Mwizi wa jiwe la Rathgarve alikuwa amefagia sakafu kabla ya kuondoka nalo.

Hilo lilimkera Sajenti Gobnait Moynihan kuliko wizi wenyewe. Katika utumishi wake wote huko Kerry, Ireland, alikwisha kuona wezi waliovunja dirisha wakati mlango uko wazi, wezi waliosahau kofia zao, na mmoja aliyelewa akalala juu ya televisheni aliyokuja kuiba, ikabidi aamshwe kwa chai. Mwizi wa kushika ufagio alikuwa hajakutana naye.

Alichuchumaa kwenye kona ya shule ya zamani ambayo siku hizi mji unaiita makumbusho. Mahali lilipokuwa jiwe palibaki saruji safi, kipande cha kamba ya buluu ya kufungia majani makavu, na katikati kabisa, kokoto moja jeupe lenye ukubwa wa yai la njiwa. Mlango haukuguswa na mtaimbo. Mafundi wa paa walikuwa wameuacha umeegeshwa, na mvua ya mwisho wa juma ilikwisha kuosha alama zozote za magurudumu uani. Jiwe lenyewe halikuwa kubwa, lilimfikia mtu kiunoni, ila uzito wake ulitaka wanaume wawili, au mmoja mwenye trekta na subira.

Gobnait aliliokota lile kokoto kwa kibanio, akalitia katika mfuko wa ushahidi, akauandika namba.

"Hilo nalo unalichukua?" aliuliza Philomena Sugrue, mfagiaji wa makumbusho, aliyesimama mlangoni amekumbatia ndoo kana kwamba nayo ingeibiwa. "Ungesema mapema ningekupa gunia zima."

Akamtoa nje kumwonyesha. Kando ya ngazi palikuwa na chungu kikubwa cha maua. Maua yalikufa zamani. Kilichojaa mle mpaka ukingoni ni makokoto meupe, yote ya namna moja, yaliyolainishwa na maji ya mto. Philomena alieleza kwamba kwa miaka mingi, kila Ijumaa, alikuta kokoto moja chini ya lile jiwe. Alidhani ni utundu wa watoto wa shule. Akawa anayatupa chunguni ili maji yasituame kwenye mizizi.

"Maua hayakusaidika," alisema. "Lakini makokoto yameshamiri kweli."

Na nani huja Ijumaa? Kila mtu, alisema Philomena, ndiyo siku ya pensheni, wazee huingia kukwepa mvua. Gobnait akamwomba akumbuke sura ya yeyote aliyesimama kwenye kona ile.

"Mimi huangalia viatu, Sajenti. Nyuso hazichafui sakafu." Akafikiri. "Palikuwa na buti za kiume, ndogo, zimefutwa matope kabla ya kuingia. Mwanamke. Wanaume hawafuti. Lakini tangu majira ya kuchipua sijaziona, wala kokoto sijaokota jingine. Hilo ulilotia mfukoni lazima lilijificha nyuma ya jiwe, ufagio wangu haufiki huko."

Gobnait aliusogeza mfuko kwenye mwanga. Mtu alifagia vumbi, akafagia vipande vya plasta, akalikuta kokoto nyuma ya jiwe, na badala ya kulifagia pamoja na takataka, akaliweka katikati ya sakafu. Mwizi hatandiki kitanda alichoibia. Anayetandika ni mwenye nyumba.

Hata hivyo, kazi ni kazi, na walikuwapo watu wawili ambao mkuu wake alitaka wahojiwe kabla ya chakula cha mchana.

*

Hoteli ya mjini ilikuwa imejaa wataalamu wa lugha za kale za Wakelti, waliokuja kwa mkutano wa kesho yake. Wa kwanza, Daktari Tegwen Probert, alikuwa ametoka Wales na mashine ya mwanga inayosoma kila mkwaruzo wa jiwe. Ndiye aliyemweleza Gobnait ugomvi wenyewe, kwa haraka ya mtu aliyeueleza mara nyingi.

Jiwe lilichanjwa mikato ukingoni, maandishi ya zamani za kale, na yalifuata desturi ya mawe ya namna ile: jina la mtu, kisha neno la kusema ni mwana wa fulani, kisha kabila lake. Watu wa kale hawakuacha ramani ya lahaja zao, kwa hiyo wataalamu huzipanga kwa namna majina yalivyoandikwa. Waireland waliposema sauti ya K, jamaa zao wa Britania walisema P. Jina la kabila, alisema Probert, ni kama alama ya sikio la kondoo; ukiiona unajua kapotea kutoka zizi gani. Na kwenye jiwe la Rathgarve, Profesa Lorcan Haverty alisoma P. Kutokana na P hiyo alijenga kabila zima lililovuka bahari kutoka Britania, akaliandikia vitabu, akapewa cheo.

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema ile P ni alama ya sururu. Kesho mashine yangu ingeonyesha."

"Kwa hiyo mmegombana nusu ya maisha yenu kwa ajili ya mkwaruzo."

"Mkwaruzo ule umeniondolea mume," alisema Probert kwa utulivu. "Alisema mimi na Haverty tumeoana, tumekosa pete tu."

Gobnait alipiga hesabu ya kipolisi. Jiwe likipotea, Probert anabaki na mashine isiyo na cha kusoma, na Haverty anabaki na P yake milele. Akamfuata Haverty sebuleni, akamkuta mbele ya chai iliyopoa, mtu mrefu aliyechana ndevu vizuri kuliko nywele. Usiku wa wizi alikuwa akiimba baa mbele ya wajumbe wa nchi nne, na wote waliohojiwa walikumbuka kwa uchungu. Lakini Gobnait hakuwa na haja na usiku wa wizi.

"Jiwe ulilipata wapi, Profesa?"

"Imo kitabuni. Ngome ya Rathgarve."

"Ndani ya ngome?"

"Katika eneo la ngome."

"Nikimwambia padri nimekuona eneo la kanisa, ataniuliza ulikuwa madhabahuni au kwenye baa ya ng'ambo ya barabara."

Haverty alikoroga chai isiyo na sukari. "Chini kidogo ya ngome. Kuna kipande cha ardhi, kimezungukwa na ukuta wa mawe."

"Kinalimwa?"

"Hapana."

"Na kwenye mlima wa watu wenye njaa ya ardhi, kwa nini kisilimwe?"

Gobnait aliuweka mfuko wa ushahidi mezani, kando ya kikombe. Kokoto likang'aa chini ya taa ya hoteli.

"Haya yalikuwapo?"

Profesa alilitazama kwa muda. Alisema alikuwa kijana. Alimwomba ruhusa mwenye ngome, naye akajibu lichukue, halina mwenyewe. Jina la kabila likitoka kwenye ngome ya mtemi, wenzake wangelisikiliza. Likitoka mahali kama pale...

"Malizia."

Haverty alirudi kukoroga chai. Gobnait akachukua mfuko wake.

Alizaliwa upande ule wa mlima, na hakuhitaji kumaliziwa. Mahali pa namna hiyo wenyeji wanapaita kilini. Ndipo walipozikwa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, kwa kuwa Kanisa la siku zile halikuwapa nafasi katika ardhi iliyobarikiwa. Baba alikwenda peke yake jioni, bila padri na bila kengele. Kichwani pa kaburi aliweka jiwe lolote lisilo na jina, na makokoto meupe ya mtoni ndiyo yaliyokuwa maua yao.

*

Ngome ya Rathgarve ilikuwa tuta la duara lenye ng'ombe watatu. Chini yake, nyuma ya ukuta uliobomoka, nyasi zilikuwa ndefu na vituta vilikuwa vifupi mno. Katikati ya vituta hivyo lilisimama jiwe, mikato yake ukingoni, udongo mbichi umeshindiliwa miguuni pake.

Juu ya ukuta alikaa mzee mwembamba, kofia gotini. Hakuinuka.

"Umechelewa, Sajenti. Nilikutegemea jana."

"Nilikuwa na maprofesa."

"Basi umesamehewa." Akamtazama vizuri. "Wewe ni binti wa Con Moynihan. Yule aliyemuuzia baba yangu fahali kipofu."

"Hakuwa kipofu. Aliona jicho moja."

"Lile la upande wa mnunuzi."

Alikuwa Thady Curnane, wa nyumba nyeupe iliyoonekana ng'ambo ya shamba. Kwenye trekta lake kando ya lango palikuwa na bunda la kamba ya buluu na blanketi la kitandani lililofutiwa vumbi la jiwe. Gobnait hakuhitaji kumwuliza swali la kwanza, akamwuliza la pili: kwa nini sasa?

Thady alisimulia akitazama ng'ombe. Mtoto alikuwa wa kiume, wa kwanza, na hakuja mwingine baada yake. Alipumua kidogo, akaacha. Padri alifika baadaye, akasema maji hayana kazi tena. Mkunga akamfunga kwa shuka, Thady akamweka katika sanduku la machungwa, akaja naye huku giza likianza kuingia. Jiwe alilikuta limelala kwenye nyasi, akaliburuta kwa mgongo wake.

"Niliiona ile mikato. Nikadhani mtu alikuwa akihesabu kondoo."

Akarudi nyumbani, na yeye na mkewe Nell hawakulitaja tena neno hilo, kama ilivyokuwa desturi; kilini ilikuwa kitu ambacho kila nyumba ilikijua na hakuna mdomo uliokitamka. Miaka ikapita. Siku moja alitoka mnadani akakuta jiwe limeondoka, ardhi imefukuliwa na kusawazishwa, na gari la chuo kikuu linaishilizia barabarani.

"Hukwenda kulidai?"

"Ningesemaje? Wangeniuliza, hilo jiwe ni la nani?"

Upepo ulilaza nyasi. Gobnait alitoa ule mfuko. Thady akatikisa kichwa taratibu.

"Nililikuta nyuma ya jiwe. Ndipo nilipojua kwamba Ijumaa zote zile Nell hakuwa kwenye foleni ya pensheni. Miaka yote alikuwa akimwendea mtoto, hakuniambia. Sikuweza kulifagia, nikaliacha. Sasa hawezi kushuka hata ngazi. Mapafu. Daktari anasema Krismasi hataiona. Nimemgeuzia kitanda dirishani." Akaelekeza kofia kwenye nyumba nyeupe. "Alione tu, Sajenti. Akiisha kwenda, nitalirudisha mwenyewe, na sakafu nitafagia tena."

Akanyoosha mikono, vifundo vimeungana tayari kwa pingu.

"Ishushe," alisema Gobnait. "Imejaa udongo, itanichafulia pingu."

*

Nell Curnane alikuwa mdogo katika kitanda kikubwa, mrija wa oksijeni puani. Kabla Gobnait hajafungua kinywa, aliambiwa kuna mkate wa magadi kabatini, na akiondoka bila kula itajulikana parokia nzima kwamba polisi wa siku hizi hawana adabu. Gobnait akakata kipande, akala amesimama.

Dirisha lilitazama moja kwa moja kilini. Thady alionekana akilizunguka jiwe, akishindilia udongo ambao ulikwisha kushindiliwa.

"Linasema nini?" aliuliza Nell. "Nimelitazama miaka. Pale pana kibao cha maelezo, lakini kimeandikiwa wenye digrii."

Gobnait alimweleza kadiri alivyoelewa. Kwanza jina la mtu, nalo limelika. Kisha neno la mwana. Kisha kabila.

"Lina neno mwana?"

"Ndilo neno pekee ambalo maprofesa wote wawili wamekubaliana."

Nell aligeuza uso dirishani.

"Wetu hawakumpa jina," alisema. "Waliniambia jina huja na maji ya ubatizo. Nikawa namwita 'wewe'. Wewe, nimekuja. Wewe, leo kuna baridi." Akapumzika. "Kumbe muda wote aliandikwa mwana. Na hilo kabila?"

"Ndilo wanalogombania. Mmoja anasema ni watu wa huku, mwingine anasema walitoka ng'ambo."

"Waambie ni Curnane. Anayebisha aje hapa kitandani."

Gobnait alisema atawaambia. Alikuwa ameanza kufunga vifungo vya koti Nell alipomwashiria mlango, akaurudishia.

"Ulipopita umeuona mti wa miiba, kwenye pembe ya ukuta?"

"Nimeuona."

"Yuko pale." Alisema kwa sauti ndogo, ingawa mumewe alikuwa shamba zima mbali nao. "Hapo Thady alipoliweka jiwe, sipo. Amekosea upana wa nyumba. Nilikuwa nimelazwa chumba hiki hiki. Mwanamke aliyejifungua hakuruhusiwa kwenda. Lakini taa ya mafuta niliiona ikivuka shamba, ikasimama chini ya mti, ikakaa. Sikuhitaji jiwe kunionyesha. Alipokwenda mnadani nilikuwa nakwenda mtini na kokoto langu."

"Na makumbusho ulikuwa ukifuata nini?"

"Mgongo wake," alisema Nell. "Aliliburuta peke yake, kijana wa watu, akalia njiani akidhani nimelala. Mtoto nilimjua alipo. Nilikuwa namtembelea baba yake." Alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kuendelea. "Jumamosi ameniinua kwenye mito, akanionyesha. Akasema, nimemrudisha pale pale, Nell. Nami nikamwambia ndiyo, Thady, pale pale. Usimwambie, binti wa Con."

"Sitamwambia."

"Tangu majira ya kuchipua sijampelekea mtoto kitu. Thady siwezi kumtuma. Lile kokoto langu Thady alisema aliliacha makumbusho; sasa litakuwa kwenu polisi."

Gobnait aligusa mfuko wa koti. "Ninalo."

"Basi mpelekee."

*

Simu ilikuwa jikoni. Profesa Haverty alipokea kabla haijalia mara ya pili. Gobnait alimwambia jiwe limepatikana, liko salama, na limesimama katika ile ardhi ambayo kitabu chake kilisahau kuitaja. Wataalamu wakitaka kulisoma, wapande mlima na buti, pamoja na Daktari Probert na mashine yake, na wavue kofia langoni. Ripoti yake ingesema limerudishwa lilikotoka kwa uchunguzi. Uchunguzi huo, kwa jinsi yeye alivyouona, ungechukua muda, pengine mpaka baada ya Krismasi.

"Mashine ya Tegwen itaonyesha kwamba ni sururu," alisema Haverty.

"Inawezekana."

"Nadhani ilikuwa yangu. Ardhi ilikuwa ngumu. Kulikuwa na... nilikuwa na haraka ya kutoka pale."

Gobnait akamwambia ripoti ingehitaji saini yake. Profesa akasema angetia.

Nje, mwanga ulikuwa umeanza kulegea. Gobnait alivuka shamba, akampita Thady aliyekuwa amepiga goti akifuta mikato ya jiwe kwa leso, akaenda mpaka pembe ya ukuta. Chini ya mti wa miiba nyasi zilikuwa fupi. Alipozitenganisha kwa vidole aliona makokoto meupe, moja kando ya jingine, mengine yamezama nusu, mengine yameota kuvu.

Alipasua mfuko wa ushahidi, akalitoa kokoto, akaliweka pamoja na wenzake. Mfuko mtupu, na namba yake, akaukunja akautia mfukoni.

"Umepoteza kitu huko, Sajenti?" Thady alimwita.

"Kifungo cha koti."

"Nije tutafute wote?"

"Kaa hapo hapo, mzee. Nimekwisha kukiona."

Kule kwenye nyumba nyeupe, nyuma ya kioo, mkono uliinuka juu ya mito, ukabaki umeinuliwa kuelekea kwenye mti. Thady aliuona. Akasimama kwa shida, akashika jiwe kwa mkono mmoja, akavua kofia kwa mwingine na kuupungia, akidhani umeinuliwa kwa ajili yake.